Kanisa la Mpala na Swali la Aliyenunuliwa



Wapenzi wakatekumeni, kiangazi kifikapo, njia zikiwa kavu na mahindi yamekwisha kuingia ghalani, wengi wetu hupata nafasi ya kuwatembelea ndugu walio mbali. Safarini hukutana na makanisa ya zamani ya misioni, nyumba ndogo zilizojengwa na watu ambao leo wote ni marehemu. Msafiri huingia, hutazama dari, huhesabu mabenchi, husema, «Kumbe ni dogo hivi!», kisha hutoka. Huyo ameona kuta tu. Kanisa la zamani ni kama mzee wa ukoo. Ukimtembelea mzee, hutazami mvi zake ukaenda zako. Unamsalimu, unaketi, unamwuliza habari, nawe unakubali kuulizwa.

Leo nataka tulitembelee pamoja, kwa fikira, kanisa moja la namna hiyo, yaani kanisa la misioni ya Mpala, tupate kusikia linatuuliza nini. Swali lake ni gumu, wala si la watu wa kale peke yao. Ndilo hili: Je, mtu aliyenunuliwa kwa mali, kisha akalishwa na kuvikwa na misioni, aweza kuamini kwa hiari yake? Na kama imani yake yeye ina shaka, imani yangu mimi niliyevutwa na shule, au na dawa, au na ndoa, ina hali gani?

1. Mpala ni wapi, nayo ilianzaje

Sisi wa Likasi tumezoea kusikia habari za mapadri Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910. Lakini Injili ilikuwa imekwisha kuingia katika nchi hii kwa mlango mwingine, upande wa ziwa Tanganika, miaka 25 mbele yao. Mpala iko ufukoni, pale mto Lufuko unapoingia ziwani, kati ya Kalemie na Moba. Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, sehemu hiyo ikawa ya mkoa wa Tanganyika. Na kwa mambo ya Kanisa, ni ya jimbo la Kalemie-Kirungu.

Mahali hapo palianza kuwa boma kabla ya kuwa nyumba ya sala. Mwaka 1883 askari Mbelgiji, jina lake Emile Storms, alijenga hapo kituo kwa ajili ya chama kilichoanzishwa na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Jina la Mpala ni la mtawala mwenyeji wa pwani ile. Siku zile nchi yote ya ziwa ilikuwa ikilia. Wafanya biashara ya watumwa walichoma vijiji, wakawafunga watu shingoni, wakawavusha kwa mitumbwi mpaka Ujiji, na kutoka huko wengine wakapelekwa Tabora, hata Bagamoyo pwani ya bahari. Wapo watawala wenyeji walioshiriki biashara hiyo. Mmoja wao aliitwa Lusinga. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji.

Nasema jambo hilo waziwazi, kwa maana wengine wangependa tulifiche. Lusinga aliwatesa watu, ni kweli. Lakini hata mwili wa adui una heshima yake, wala hakuna katekismu inayoruhusu kuufanya mali ya kuonyesha. Mtu akiyazuru mahali pa zamani akataka kusikia mema tu, hafanani na mgeni aliyekuja kumjua mzee; anafanana na mgeni aliyekuja kula pilau ya arusi.

Mwaka 1885 kituo cha Mpala kilitolewa kwa Mapadri Weupe, ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algeri na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868. Padre Isaac Moinet akakipokea kutoka mkononi mwa Storms. Boma likawa misioni. Mwaka 1887 akaja Leopold Joubert, Mfaransa, ambaye zamani alikuwa askari wa Baba Mtakatifu. Akawakusanya vijana, akawafundisha kulinda vijiji, akapigana na wateka watu mara nyingi. Mwaka 1888 alimwoa mwanamke wa nchi hiyo, Agnes Atakaye. Hakurudi tena kwao. Akazeeka, macho yakapofuka, akafa mwaka 1927 katika nchi aliyoilinda.

Basi ni nani waliokuwa waumini wa kwanza katika misioni za ziwa? Wengi wao walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni watoto na vijana waliotekwa, ambao mapadri walitoa nguo, shanga au fedha ili kuwatoa mikononi mwa wenye kuwauza. Wa pili ni watu wa vijiji waliokimbilia karibu na misioni, kwa sababu nyuma ya kuta zile mtu aliweza kulala usiku bila kuamshwa na bunduki.

2. Swali lenyewe

Hapo ndipo penye fundo. Kijana mmoja katika darasa la wakatekumeni aliniuliza hivi: «Mwalimu, wale watoto walinunuliwa. Wale wakubwa walikuwa na hofu. Mtoto aliyenunuliwa atasema nini, akiulizwa kama anataka kubatizwa? Aliyekimbia bunduki atakataaje sala ya mwenye ukuta? Je, hiyo ni imani, au ni malipo ya chakula na usalama?»

Swali lake ni zuri, wala tusilinyamazishe kwa kumwambia kijana anyamaze. Tulipe nguvu zake zote, tena tuongeze nyingine.

Tuongeze ya kwanza: fedha aliyopewa muuzaji iliingia katika mfuko wa muuzaji. Mwenye kumtoa mtumwa mmoja kwa mali aliweza, bila kutaka, kumpa mwovu sababu ya kwenda kuteka wengine wawili. Ndiyo maana, mwaka 1888, Kardinali Lavigerie alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya akidai biashara yenyewe ikomeshwe; na Baba Mtakatifu Leo XIII, mwaka uo huo, aliandika barua kwa maaskofu wa Brazili kuulaumu utumwa. Kuwatoa watumwa mmoja mmoja ni huruma, lakini huruma hiyo peke yake haiwezi kuziba kisima kinachobubujisha maovu.

Tuongeze ya pili: watoto wale walipokua, misioni ndiyo iliyowaoza, ndiyo iliyowapa shamba, ndiyo iliyowawekea sheria na kuwahukumu walipokosa. Padre alikuwa baba, naye tena alikuwa mtawala. Katika hali hiyo ni vigumu kujua kama mtu anapiga magoti mbele ya Mungu au mbele ya mwenye ghala.

Basi twaweza kujibu nini?

3. Kununua na kukomboa

Tuanze na lugha yetu, maana mara nyingi lugha ina hekima kuliko wasemaji wake. Twasema «kununua mbuzi» na twasema «kukomboa ndugu». Kwa macho ya nje mambo hayo mawili yanafanana: mali inatoka mkono huu inakwenda mkono ule. Lakini anayenunua mbuzi anamfanya mbuzi kuwa wake. Anayekomboa ndugu anamrudishia ndugu nafsi yake. Zamani mtu aliweza kuwekwa rehani kwa ajili ya deni la ukoo. Siku mjomba wake alipoleta mali na kumkomboa, hakuwa mtumwa wa mjomba. Alirudi nyumbani, akaketi mahali pake.

Wale waliotufasiria Injili katika Kiswahili walilichagua neno hilo hilo. Bwana wetu Yezu Kristu twamwita Mkombozi, hatumwiti Mnunuzi. Mtakatifu Paulo afundisha kwamba sisi sote tulipatikana kwa bei kubwa, nayo ni damu ya Kristu. Basi, mkatekumeni mpenzi, usimcheke yule mtoto wa Mpala aliyekombolewa kwa nguo na shanga. Wewe nawe umekombolewa. Kama kutolewa kwa bei kungemwondolea mtu hiari yake, hakuna Mkristu hata mmoja ulimwenguni ambaye angekuwa huru.

Lakini tutajuaje kama mtu alinunuliwa au alikombolewa? Kipimo si ile siku mali ilipotolewa, bali siku zilizofuata. Je, ana jembe lake mwenyewe na mavuno yake mwenyewe? Je, aweza kusema «hapana» asipigwe wala kunyimwa chakula? Je, aweza kuondoka? Pale majibu yalipokuwa «ndiyo», misioni ilikomboa kweli. Pale majibu yalipokuwa «hapana», hata kama mwenye nyumba alivaa kanzu nyeupe na rozari, ilibaki kazi ya kutubu. Hatuna haja ya kuogopa kusema hivyo. Ukweli haumwaibishi Mungu.

Kwa upande wa watoto tukumbuke jambo moja zaidi. Hakuna mtoto anayechagua mgongo wa kubebwa. Yatima huchukuliwa na mama mdogo au na mjomba, hula chakula cha nyumba ile, husema lugha ya nyumba ile, husali sala ya nyumba ile. Hatusemi kwamba ameonewa. Twasema kwamba hiari yake bado ni mbegu. Kosa halipo katika kumlea. Kosa lingekuwapo kama mlezi angeikanyaga mbegu ile isiote, ili mtoto akiwa na ndevu bado aitikie kama mtoto.

4. Mkate wa Kapernaumu

Bwana wetu mwenyewe alilijua sana swali la kijana wetu. Mtakumbuka habari katika Injili ya Yohane, sura ya sita. Yezu aliwalisha watu elfu nyingi kwa mikate mitano na samaki wawili. Kesho yake watu wale wakavuka ziwa kumtafuta. Hakufurahia wingi wao. Aliwaambia wazi kwamba walimtafuta kwa sababu walishiba.

Angalieni sasa alivyofanya. Hakujuta kwamba aliwalisha. Hakusema, «Kumbe nimekosa, tangu leo wenye njaa wakae na njaa yao, nipate kujua ni nani aaminiye kweli.» Njaa ni njaa, na mwenye huruma hulisha kwanza. Lakini pia hakuwaacha wakae katika mkate ule. Aliwafundisha neno gumu juu ya mwili wake na damu yake. Wengi wakaudhika, wakaenda zao. Naye hakuwakimbilia, hakuwaongezea mikate ili warudi. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama wao nao walitaka kuondoka.

Hapo, ndugu zangu, ndipo lilipo jibu. Mlango ulikuwa wazi. Waliobaki, walibaki wakijua kwamba wangeweza kutoka. Mtu aweza kuletwa kwa Yezu na mkate, na ugonjwa, na hofu, na urafiki, na jambo lo lote lile. Mungu hachagui njia ya kumpitishia mtu. Lakini haiwezi kuitwa imani mpaka siku ile mtu anapoulizwa, mlango ukiwa wazi, kama anataka kuondoka, naye akajibu kwa moyo wake kwamba hataki.

Sisi watu wa Likasi tunaweza kufahamu jambo hili kwa mfano wa shaba. Jiwe la shaba halitoki ardhini likiwa safi. Lina udongo, lina mawe mengine. Wafua shaba wa zamani hawakulitupa kwa sababu ya udongo wake. Walilitia motoni, na moto ukatenga. Sababu zinazomleta mtu kwenye darasa la dini ni kama jiwe hilo. Anayedai kwamba alikuja akiwa na sababu safi peke yake, labda hajajichunguza. Na anayemfukuza mwenziwe kwa sababu ya udongo wake anatupa shaba.

5. Kwa nini mnangojeshwa

Moto huo wa kutenga ni nini? Ni muda. Kardinali Lavigerie alijua vema kwamba misioni ilikuwa na chakula, dawa, nguo na kuta, na kwamba vitu hivyo huwavuta watu. Kwa hiyo aliwaamuru mapadri wake wasibatize mbiombio. Aliweka miaka 4, isipokuwa mtu akiwa katika hatari ya kufa: miaka 2 ya kwanza mtu awe mwombaji tu, akijifunza mambo ya mwanzo; na miaka 2 mingine awe mkatekumeni kweli kweli. Wengi waliona amri hiyo ni kali. Hata leo nawasikia baadhi yenu mkinung'unika: «Mwalimu, dhehebu lile jirani hubatiza baada ya siku saba, sisi twangoja mpaka lini?»

Sasa mwajua sababu. Kungoja si adhabu, wala si mtihani wa kukariri maneno tu. Kungoja ndiyo hiari yenu inayolindwa. Mkate wa leo huisha leo. Homa hupona kwa juma moja. Hofu ya bunduki hutulia. Mtu akiisha kushiba, akiisha kupona, akiisha kutulia, naye bado anatembea njia ile ile kuja kusali, basi hapo twaanza kuona shaba. Wale waliokimbilia Mpala kwa ajili ya ukuta walipewa miaka ya kujiuliza: «Je, kama ukuta usingekuwapo?» Wengine waliondoka, kama wale wa Kapernaumu. Wengine walibaki.

Bunduki ya Joubert iliweza kumzuia mwizi wa watu asiingie kijijini. Haikuweza kumpigisha goti moyoni hata mtu mmoja aliyekuwa ndani. Kanisa limefundisha hivyo tangu zamani: Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba wasioamini wasilazimishwe kuingia katika imani, kwa maana kuamini ni jambo la hiari. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza kwa ulimwengu wote kwamba mtu asishurutishwe kwa nguvu katika mambo ya dini, wala asizuiwe. Mafundisho hayo yanawahukumu hata sisi Wakristu, pale tulipoyasahau.

6. Mashahidi watatu

Labda yule kijana atasema: «Mwalimu, hayo ni maneno. Nionyeshe mtu.» Nami nitamwonyesha watatu.

Wa kwanza ni Adriano Atiman. Ng'ambo ya ziwa, karibu kuielekea Mpala, ipo misioni ya Karema, katika nchi ya Tanzania. Atiman alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, kandokando ya mto Niger, yapata mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe katika nchi ya Algeria. Walimsomesha, wakampeleka katika kisiwa cha Malta akajifunza uganga wa hospitali. Mwaka 1889 akafika Karema, akiwa katekista na mganga. Akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka 67. Mtu mwenye ujuzi kama wake angeweza kutafuta malipo makubwa mahali pengine. Alikuwa huru, alikuwa na kazi mikononi, naye akabaki kuwaganga maskini na kuwafundisha sala. Nani atasema kwamba mtu huyo alikuwa akilipa deni la chakula alichokula utotoni? Deni gani la chakula hulipwa kwa miaka 67?

Wa pili ni Padre Stefano Kaoze, mwana wa nchi ile ile ya Mpala. Alisoma katika seminari iliyofunguliwa hapo Mpala mwishoni mwa karne ya 19. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo leo huitwa Kirungu, Askofu Victor Roelens alimpa upadre. Alikuwa padre wa kwanza kati ya wana wote wa Kongo katika siku zetu hizi. Alifariki mwaka 1951. Anayekwenda njia ya upadre huulizwa mara nyingi, mwaka kwa mwaka, kama anataka kuendelea, na mlango huwa wazi nyuma yake. Kaoze aliulizwa kwa miaka mingi kuliko wengine, kwa sababu wengi hawakusadiki kwamba Mwafrika angefika altareni. Hakutoka. Mahali palipoanza kuwa boma la mgeni, mwenyeji akajifunza kushika kalisi.

Wa tatu ni Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa upande wa Mbandaka, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906. Aliajiriwa kazi katika shamba la Wazungu waliochukia sala. Kwake yeye dini haikuleta chakula; ililetea mijeledi. Aliamriwa aivue skapulari ya Bikira Maria, akakataa. Alipigwa mpaka mgongo ukaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Mtu akitaka kujua imani isiyolipwa inafanana na nini, amtazame Bakanja.

7. Sasa ni zamu yetu

Wakatekumeni wapenzi, leo hakuna mnada wa watu huko Ujiji. Lakini msidhani swali la Mpala limekwisha. Mmoja wenu yuko darasani kwa kuwa anataka mtoto wake apokelewe vizuri katika shule ya misioni. Mwingine anamtaka binti Mkatoliki, na wazazi wa binti wamesema, «Kwanza ubatizo.» Mwingine anatafuta barua ya padre ili apate kazi mjini, au katika machimbo. Mwingine ana hofu ya wachawi, anadhani maji ya ubatizo ni dawa kali kuliko dawa za mganga. Mwingine alipewa unga na masista wakati wa njaa, naye anaona haya kuondoka.

Sisemi kwamba ninyi ni wadanganyifu. Nasema kwamba mmefika kwa mikate. Asante kwa Mungu aliyewaleta kwa mikate. Lakini kabla ya siku ile padre atakapowauliza mbele ya waamini wote mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu, kila mmoja ajiulize kwanza peke yake, labda jioni akirudi shambani:

Je, kama shule ingemkataa mtoto wangu, ningeendelea kusali?

Je, kama uchumba ungevunjika, ningekuja Dominika ifuatayo?

Je, kama mambo yangu yangebaki kama yalivyo, bila kazi, bila fedha, bila kupona, Yezu angebaki kuwa Bwana wangu?

Jibu likiwa «ndiyo», hata kwa sauti ndogo, njoo bila hofu. Jibu likiwa «sijui», njoo umwambie mwalimu wako, mngoje pamoja. Na jibu likiwa «hapana», usiuseme uongo mbele ya altare kwa kuwaonea haya wazazi au wachumba. Anayesema, «Bado sijawa tayari,» anauheshimu ubatizo kuliko anayeupokea kama cheti.

Kwenu pia, walimu wenzangu na wazee wa jumuiya, neno moja. Tusimnyime mtu unga kwa sababu hasali, wala tusimpe unga ili asali. Mgonjwa Mwislamu, mgonjwa Mprotestanti, mgonjwa asiye na dini, wote wapewe dawa ile ile. Tukifanya sadaka kuwa ndoana, tutapata samaki, lakini hatutapata wana wa Mungu. Na mkatekumeni akiacha darasa, tumsalimie njiani kama kawaida. Namna tunavyomtendea aliyeondoka ndiyo inayoonyesha kama mlango wetu ulikuwa wazi kweli.

8. Namna ya kulizuru kanisa la zamani

Siku mtakapojaliwa kufika Mpala, au kanisa lo lote la zamani lililo karibu nanyi, fanyeni hivi. Kwanza, msalimuni mwenye nyumba: tazameni taa karibu na tabernakulo, pigeni goti, nyamazeni kidogo. Pili, tafuteni mahali pa kubatizia, mkumbuke kwamba hapo watu waliulizwa jina lao. Mtumwa sokoni haulizwi jina, huulizwa bei. Mtu akiulizwa, «Waitwa nani? Wataka nini?», amekwisha kurudishiwa heshima ya mtu, kwa kuwa anayeulizwa aweza kujibu vingine. Tatu, tokeni mwende makaburini. Mtaona makaburi yenye majina na mengine yasiyo na jina. Waombeeni wote, wamisionari na waliokombolewa, waliojibu vema na walioshindwa kujibu, hata Lusinga aliyekufa bila maziko ya heshima.

Mwisho, kabla ya kuondoka, simameni mlangoni. Mlango wa kanisa hufunguka pande mbili, kuingia na kutoka. Mwingiapo tena Dominika katika kikanisa chenu cha kijijini, hata kikiwa cha miti na nyasi, ingieni kama watu ambao wangeweza kutokuja. Sala ya mtu kama huyo Mungu huipenda, kwa maana yeye mwenyewe alituumba huru, wala hataki kupendwa na mateka.

Bwana Yezu, Mkombozi wetu, utujalie kuja kwako bila kununuliwa, na kubaki kwako bila kufungwa. Amina.